Herufi za brashi kwenye mabango ya zamani: dhana potofu na ukweli wake

"Kila bango la zamani lina fonti yake, kazi ni kujua jina tu."

Hapana. Mchora mabango hakuwa na fonti, yaani seti ya herufi za mtindo mmoja zilizotengenezwa tayari. Alikuwa na brashi, na mkono uliozoea mitindo kadhaa. Programu ya kutambua fonti ikipewa picha ya kazi yake huleta jina la fonti iliyo karibu tu. Tena mara nyingi fonti ndiyo mtoto: Brush Script, aliyoibuni Robert E. Smith kwa kampuni ya American Type Founders mwaka 1942, iliiga mwandiko wa brashi.

"Herufi zikipinda ni za mkono, zikinyooka ni za mashine."

Hii ndiyo inayopoteza wengi, na inawavunjia mafundi heshima. Fundi aliyekomaa alipiga mistari ya chaki na kuegemeza mkono kwenye fimbo. Kwa kazi kubwa alichora kwanza kwenye karatasi, akaitoboa vitundu kufuata mchoro, kisha akapigapiga unga wa mkaa juu yake ili alama zibaki ukutani. Herufi zake zilinyooka! Fonti za kompyuta, kwa upande wake, siku hizi huchakazwa makusudi, na baadhi huwa na maumbo mawili matatu ya herufi moja yanayopokezana.

Kwa hiyo tafuta herufi inayojirudia, hasa kwenye maandishi marefu. Katika fonti, mkwaruzo uleule hurudi palepale. Kwenye kazi ya brashi, a tatu hufanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini huwezi kuzilaza moja juu ya nyingine zikalingana. Ya mwisho pengine imebanwa kwa sababu nafasi ilikuwa inaisha. Kisha sogelea O. Mimi huanzia hapo kila mara. Kwa kawaida ni mapigo mawili, la kushoto na la kulia, yanayokutana juu na chini. Mulika tochi kwa ubavu: rangi inaweza kuonekana nzito kwenye maungio, pamoja na mifuo ya nywele za brashi.

"Vijikia vya herufi za Kirumi vilizaliwa na patasi."

Vijikia ni vile vijistari vya kumalizia ncha za herufi. Padri Edward Catich, aliyewahi kuchora mabango Chicago, aliyachunguza maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la Nguzo ya Trajan, Roma, ya mwaka 113. Mwaka 1968 alichapisha hoja yake: herufi zile zilichorwa kwanza kwa brashi bapa, patasi ikafuata nyuma. Aliyewahi kushika brashi bapa haoni ajabu, maana vijikia hutokea pale inapozungushwa kumalizia pigo.

"Rangi iliyobabuka ni ushahidi wa umri."

Msasa hubabua rangi kwa saa moja. Kwenye ubao uliokaa nje miaka mingi, papasa kwa kidole: rangi nzito hukinga mbao iliyo chini yake, huku sehemu isiyofunikwa ikiliwa na jua na mvua, hata herufi zikabaki zimeinuka.