Kuacha Pombe kwa Msaada wa Simu: Maswali na Majibu

Tiba ya uraibu kwa njia ya simu ni nini?

Ni mgonjwa kuzungumza na daktari au mshauri nasaha kwa simu, kwa video au kwa ujumbe mfupi, badala ya kusafiri kila wiki kutoka Ahero au Muhoroni hadi Kisumu mjini. Simu ya bei si lazima, kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, yatosha.

Je, tunaweza kumfungia mlevi chumbani aache pombe, huku akishauriwa kwa simu?

Hapana. Mtu anywaye chang'aa kila siku, ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka apate ile pombe ya asubuhi wanayoiita ya kutoa loki, mwili wake umekwisha kuitegemea pombe. Akinyimwa ghafla, hutokwa na jasho na kutetemeka katika saa chache. Degedege huweza kumpata ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne huenda akaweweseka, akiona wadudu ukutani wasiokuwapo. Hali hiyo huua. Hospitalini hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa vipimo vinavyopunguzwa polepole pamoja na vitamini B1, na hakuna simu iwezayo kufanya kazi hiyo.

Mbona mwaka jana aliacha mwenyewe na hakudhurika?

Jibu bado ni hapana. Kila anapoacha ghafla na kurudia, hatari ya degedege huzidi kuongezeka.

Akianza degedege, tumpigie mshauri kwanza?

Hapana! Mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, kisha mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Wanaotaka kukemea mapepo, tunawaomba kwa heshima wakemee wakiwa njiani.

Basi simu ina faida gani?

Faida yake ni kubwa baada ya mwili kutulia, hasa jioni ya siku ya mshahara, marafiki wanapomwita na tamaa inapopanda. Lakini mpisheni azungumze peke yake. Mgonjwa ambaye mkewe na mama mkwe wameketi kando yake hujibu "niko sawa" kwa kila swali, na mshauri hapati la kushika.

Na heroini?

Nchini Marekani, tangu mwaka wa 2020, madaktari waliruhusiwa kumwanzishia mgonjwa buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, bila kuonana naye ana kwa ana kwanza. Hapa kwetu methadoni, dawa nyingine ya uraibu huo, kwa kawaida hunywewa kliniki mbele ya mhudumu, kwa hiyo mgonjwa hana budi kufika.

Tupige nambari gani?

NACADA, mamlaka ya taifa ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupokea simu bila malipo kupitia 1192. Ikiwa mtu tayari anatetemeka sana au anaweweseka, nendeni hospitali moja kwa moja, na mkifika mwambieni muuguzi aliacha kunywa lini na alikuwa akinywa kiasi gani. Familia nyingi huficha kwa aibu, na sisi wahudumu wa afya tukaanza kumtafutia malaria.