Jaketi la mzamiaji husingiziwa mengi: dhana potofu na ukweli

Mtu akirudi botini amechoka, shingo imemkaza, hewa imemwishia robo saa kabla ya wenzake, lawama huliangukia jaketi. "Hili halinifai, nipe jingine." Nimeyasikia maneno hayo kwa wageni, na nimeyasikia kwa vijana wetu wanaojifunza kuongoza wazamiaji. Karibu kila mara kosa huwa kwenye risasi za kiunoni, yaani vile vipande vizito vya madini ya risasi, au kwenye mikanda ambayo hakuna aliyejali kuipima. Jaketi la kuelea, lile tunaloliita bisidi, kazi yake ni kubeba mtungi wa hewa na kusahihisha tofauti ndogo ya uzito. Anayelitaka lifanye zaidi ya hapo ndiye anayepata tabu.

"Jaketi ndilo linalomfanya mzamiaji aelee"

Mwili wa binadamu wenye pumzi kifuani huelea wenyewe, au karibu sana na kuelea. Suti ya kuzamia huongeza wepesi. Ndiyo maana tunavaa risasi, tupate kuzama. Risasi zikiwa sawa, kinachobaki ni mapafu: kati ya pumzi iliyovutwa vizuri na iliyotolewa kuna lita kadhaa, na kila lita moja ya maji ya bahari unayoyasukuma kando hukuinua kwa kilo moja na kidogo. Mzoefu hupanda nusu mita juu ya tumbawe kwa kuvuta pumzi ndefu, kisha hushuka kwa kuitoa. Habani pumzi hata mara moja, kwani kupanda na pumzi iliyobanwa kunaweza kupasua mapafu. Jaketi huja mwisho, kwa kile ambacho risasi na mapafu havikukimaliza.

Sasa mchukue mtu aliyepewa kilo 4 zaidi ya anazohitaji. Hilo hutokea kila siku, maana kiongozi mwenye haraka huona afadhali mgeni azame upesi kuliko ahangaike juu ya maji. Kilo 4 hizo atazibeba kwa lita 4 hivi za hewa ndani ya jaketi. Akiwa mita 10 chini, shinikizo ni bar 2. Akipanda hadi mita 5, shinikizo hushuka hadi bar 1.5, na lita zake 4 zimekuwa 5.3. Hajagusa kitufe cha kujaza hewa, lakini sasa anavutwa juu kwa zaidi ya kilo moja. Anatoa hewa kwa hofu, anazama. Anajaza tena, anapaa. Hewa inayopotea hapo ni ya mtungini, na ndiyo iliyomwishia kabla ya wenzake. Mwenye risasi sahihi ana hewa kidogo tu jaketini, kwa hiyo hakuna cha kutanuka sana, naye hukaa pale mita 5 kwa dakika 3 za kusubiri kabla ya kumalizia kupanda, ametulia kama samaki.

Aliyezidiwa na risasi pia huning'inia miguu chini, kifua juu, na mapezi yake hupiga kila kilicho nyuma yake. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Anayezamia Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, akivunja kipande cha ukubwa wa kichwa kwa teke moja, amevunja kitu kilichoanza kukua kabla hajajua kuogelea. Jambo hili hunikera kuliko mengine yote.

Kipimo cha risasi hakihitaji hesabu. Mwisho wa kuzamia, mtungi ukiwa na bar 50, simama wima juu ya maji, toa hewa yote jaketini, vuta pumzi ya kawaida uishikilie kidogo. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama taratibu. Ukifanya kipimo hicho na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa sababu hewa nayo ina uzito: mtungi wa alumini wa lita 11 wenye bar 200 umebeba hewa ya kilo 2 na nusu na ushei, na ukirudi nao na bar 50 umeshavuta karibu kilo 2. Mtungi huo wa alumini ukiwa karibu mtupu huelea wenyewe. Wa chuma kwa kawaida hauelei, hivyo anayebadilisha mtungi apime upya. Apime upya pia anayetoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa: maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, na mtu ambaye yeye na vifaa vyake ni kilo 100 atapunguza kilo 2 na nusu hivi.

"Ukitaka kupanda, bonyeza kitufe cha hewa"

Chini ya maji, kupanda ni kwa mapezi, mita 9 au 10 kwa dakika na si zaidi, mkono wa kushoto ukiwa tayari kutoa hewa inayotanuka. Kitufe cha kujaza hutumika wakati wa kushuka, suti inaponywea kwa shinikizo, na juu ya maji baada ya kumaliza. Asiyeelewa hili asipelekwe kwenye kuta za Pemba, ambako matumbawe huporomoka hadi kina kisichofikika na hakuna sakafu ya kumsimamisha.

"Hata nikizimia, jaketi litanigeuza uso juu"

Hapana. Hiyo ni kazi ya jaketi la kuokolea watu, lenye kibofu cha hewa kifuani na nyuma ya shingo. Bisidi haikuundwa kwa hilo. Ile yenye kibofu cha mgongoni inaweza hata kukusukuma mbele ukiijaza kupita kiasi juu ya maji. Ukitoa hewa kidogo na kuegemea nyuma, unakaa vizuri.

"Kibofu kikubwa ndicho salama"

Nguvu ya kuelea unayohitaji ni ile ya kufidia hewa ya mtungini, yaani kilo 2 na nusu na ushei, pamoja na wepesi ambao suti itaupoteza kinani. Suti ya milimita 3, ambayo ndiyo ya kawaida kwetu, ina wepesi wa kilo chache tu. Hata ukiongeza akiba nzuri, kibofu chenye nguvu ya kuinua kilo 11 hadi 14 kinamtosha mwenye mtungi mmoja katika bahari yetu ya joto. Kikubwa kuliko hapo hujikunja pande mbili za mtungi, hewa ikajificha kwenye mikunjo usiweze kuitoa, na maji hukipiga kama tanga lililolegea.

"Bamba na bawa ni vya wataalamu wa mapangoni"

Asili yake ni huko kweli. Greg Flanagan alilitengeneza mwaka 1979 kwa ajili ya wazamiaji wa mapango ya kaskazini mwa Florida, na William Hogarth Main akauendeleza mpangilio huo. Ni bamba la chuma au alumini mgongoni, kibofu chenye umbo la bawa kati yake na mtungi, na utepe wa sentimita 5 unaopita mabegani na kiunoni. Leo zipo shule zinazoanza nalo siku ya kwanza. Mimi nalipenda kwa sababu lina vitu vichache vya kuharibika, hukauka upesi, na humfaa mnene na mwembamba, mwanamke na mwanamume, kwani kinachobadilika ni utepe tu.

Ila usinunue bamba la chuma kwa sababu umeliona kwa mwenzako. Lina kilo 2 na nusu hadi 3. Anayezamia na suti nyepesi na mtungi wa chuma anaweza kujikuta mzito kupita kiasi hata bila risasi moja, na kibofu kikitoboka hatakuwa na cha kuvua. Huyo anafaa bamba la alumini, la kilo moja hivi.

"Nambari ya fulana ndiyo nambari ya jaketi"

Wawili wenye kilo 75 wanaweza kutofautiana sana kwa urefu wa kiwiliwili. Ukikodi, livae na suti, funga kila kitu, lijaze mpaka vali ya usalama ipulize, kisha vuta pumzi ndefu. Mbavu zikibanwa, rudisha. Toa hewa: mabega ya jaketi yakipanda hadi masikioni, rudisha vilevile.

"Kaza mikanda, usalama uko hapo"

Hapa ndipo watu wengi hujitesa, hasa wenye bamba jipya. Pima ukiwa na suti utakayozamia nayo. Anza na bamba lenyewe: ukingo wake wa juu ukae chini kidogo ya kile kifupa kinachotokeza nyuma ya shingo ukiinamisha kichwa. Peleka mkono nyuma ya kisogo. Ncha za vidole ziguse bamba. Likikaa chini sana, mtungi hushuka nalo, miguu hufuata, na huwezi kuifikia vali ya mtungi wako mwenyewe.

Mikanda ya mabegani ilegee kuliko unavyodhani. Vidole vinne vilivyolala viingie kati ya mkanda na kifua bila kulazimishwa. Nchi kavu utaona kama unavuliwa, lakini majini mtungi hauning'inii tena mabegani. Asiyeweza kutoa mkono wa kushoto mkandani akiwa amesimama ufukweni, hataweza kando ya boti kusi ikivuma.

Wa kiunoni ndio wa kukazwa, juu ya mifupa ya nyonga, na uukaze tena ukifika chini maana suti imenywea. Bizimu iwe kulia kidogo mwa kitovu, ifunguke kwa mkono wa kulia. Mkanda wa kati ya miguu wengi huuondoa kwa kutoupenda. Bila huo, hewa ikiingia, bamba lote hupanda kisogoni. Usilegee, wala usikuinamishe ukisimama.

Kisha mtungi. Lowesha mkanda wake kabla ya kuukaza, kwa sababu nailoni hurefuka ikilowa, na mkanda uliokazwa mkavu utauacha mtungi uteleze mara tu unapoingia majini. Shika mpini, inua, tikisa. Rudisha kichwa nyuma: kikigonga regulata, kile kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye vali ya mtungi, mtungi uko juu mno.

"Ukilisuuza nje, umemaliza"

Maji ya bahari huingia ndani kila unapotoa hewa, na chumvi yake ikikauka kwenye kitufe, kitufe hunasa na jaketi hujijaza lenyewe. Tia maji yasiyo na chumvi ndani kupitia bomba la kujazia, tikisa, mwaga, rudia. Liache na hewa kidogo, kivulini. Na kitufe kikinasa ukiwa chini, chomoa kwanza mpira unaoleta hewa kutoka mtungini, ndipo utoe hewa. Jizoeze kuuchomoa kwa mkono mmoja, macho yamefumbwa.

Utepe wa bamba jipya utabaki na mkia mrefu kiunoni. Usiukate siku ya kwanza. Zamia nao mara tano au sita, usogeze hapa sentimita mbili, pale moja, na mwili ukishazoea ukate, ubakize shubiri moja, kisha choma ncha kwa kiberiti isifumuke.