Kukubali kwa Kistoa katika kazi ya kutengeneza programu

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti iliyolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kwa sisi watengenezaji wa programu ambao mifumo yetu hukaa kwenye seva za ng'ambo, hakukuwa na mtu ofisini aliyeweza kuuunga mkongo, ingawa wateja waliendelea kupiga simu kana kwamba yupo.

Epictetus, mmoja wa Wastoa, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma waliofundisha kuyapokea kwa utulivu yasiyobadilika, aliwahi kuwa mtumwa huko Roma kabla ya kufundisha falsafa mjini Nicopolis, Ugiriki. Yeye alitenganisha mambo yaliyo katika uwezo wetu na yale yasiyokuwemo: maoni, nia na matamanio ni yetu, ilhali mwili, mali, sifa na vyeo havimo katika uwezo wetu. Kwa kipimo hicho, mwandishi wa msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, anamiliki machache kuliko anavyodhani. Mwezi Machi 2016 kifurushi kidogo cha mistari 11 kiitwacho left-pad kiliondolewa na mwandishi wake kwenye npm, hifadhi ya mtandaoni ambako watengenezaji wa programu huchukua vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, na miradi mingi duniani, ya watu wasiowahi hata kulisikia jina hilo, ikakwama.

Kukubali wanakokuzungumzia Wastoa kunahusu lile ambalo limekwisha kutokea. Mfumo ukianguka usiku, anayekataa kulikubali tukio huanza kuuliza ni nani aliyeidhinisha msimbo huu, na swali la "ombi linakwama wapi?" hulifikia baadaye, akiwa ameshachoka na wenzake wameshaanza kujitetea badala ya kusoma kumbukumbu za seva. Aliyekubali huanza na kumbukumbu hizo. Sidai kwamba hana wasiwasi. Tofauti yake ni kwamba wasiwasi haumchagulii hatua ya kwanza.

Seneca, Mstoa mwingine wa Roma, alishauri kuyatafakari mabaya kabla hayajafika, na sijui ushauri wa kale unaoifaa fani yetu kuliko huo. Chukua malipo ya simu: programu imetuma ombi la kutoza, mtandao umekatika, jibu halijarudi. Je, mteja ametozwa au hajatozwa? Hakuna ustadi wa kuandika msimbo utakaouzuia mtandao usikatike wakati huo, na kulirudia ombi kwa pupa kunaweza kumtoza mtu mara mbili. Aliyeitafakari hali hiyo mapema huliwekea kila ombi namba yake ya kipekee, ili likirudiwa upande wa pili utambue kuwa ni lile lile; huweka kikomo cha muda wa kusubiri, na huliacha deni katika hali ya "haijathibitishwa" mpaka hesabu za pande mbili zilinganishwe. Katika mpango wa namna hii kukubali kunageuka kuwa usanifu, kwa kuwa kukatika kwa mtandao kumepewa nafasi yake ndani ya mfumo.

Nina shaka kubwa, hata hivyo, na viongozi wanaoihubiri falsafa hii ili wafanyakazi wavumilie ratiba zisizowezekana. Seneca alikuwa mshauri wa Nero, mtawala wa Roma, na Mstoa mwingine, Marcus Aurelius, alitawala dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180. Hawa hawakuwa watu wa kukaa pembeni na kunyamaza. Wastoa walikuwa na mfano wa mpiga mshale ambaye kazi yake ni kulenga vizuri, ilhali kufika kwa mshale kunategemea pia mengine. Kwangu mimi, kulenga vizuri ni pamoja na kuandika makadirio yangu kabla ya kazi kuanza, nikitaja ni sehemu zipi nimezikisia na zipi nimezipima, kisha kumkabidhi meneja. Uamuzi wa tarehe ni wake. Akiishikilia tarehe yake ya awali, ninamwomba achague kwa maandishi sehemu zitakazoachwa, na ninaanza na ile ambayo mteja hawezi kuuza bila kuwa nayo.