Dawa ya kumbukumbu: panya alidungwa lini?

Mitihani ikikaribia, maduka ya dawa ya Mbeya na Iringa huulizwa "kidonge cha kumbukumbu", na matangazo hujinadi kwamba kimefanya kazi kwa panya. Huenda ni kweli. Ila tangazo halisemi panya alidungwa saa ngapi, na pasipo hilo huwezi kujua dawa imesaidia nini.

Kumbukumbu ina hatua tatu: kupokea jambo jipya, kuliimarisha ubongoni kwa saa kadhaa zinazofuata, na kulitoa linapohitajika. Mtafiti huzitenganisha kwa muda wa sindano. Chukua jaribio la chumba cheusi. Panya huwekwa upande wenye mwanga. Kwa silika yake hukimbilia gizani, na humo hupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Kesho yake hurudishwa kwenye mwanga, zikahesabiwa sekunde anazosita kabla ya kuingia, ukomo kwa kawaida ukiwa 300. Anayekumbuka husita.

Sindano ya kabla ya funzo ndiyo ngumu kuitafsiri. Dawa inakuwamo mwilini panya anapojifunza na pia anapoanza kuimarisha, na hugusa mengine yasiyo kumbukumbu. Dawa inayopunguza maumivu itaonekana imemsahaulisha, kumbe shoti hakuisikia sawasawa. Tena kuna kujifunza ukiwa na dawa na kupimwa bila dawa: hali ya mwili imebadilika, na panya hushindwa kukumbuka kwa sababu hiyo tu.

Sindano ya mara baada ya funzo, njia iliyopata umaarufu kwa kazi za mtafiti wa kumbukumbu James McGaugh wa Marekani, ni safi zaidi. Panya alijifunza bila dawa, na kama dawa ni ya muda mfupi, kesho yake imeshatoka mwilini. Kikiboreka kitu, ni uimarishaji. Nao wenyewe una vipindi: katika jaribio la kutambua kitu kipya (panya anayekumbuka kitu cha zamani huchunguza zaidi kile kipya), dawa iitwayo vardenafili ilisaidia panya ilipotolewa papo hapo baada ya funzo, na nyingine, rolipramu, ilipotolewa saa 3 baadaye. Sindano ya tatu, ile ya kabla ya kupimwa, hupima kukumbuka, ingawa panya aliyechangamka au mwenye woga naye huharibu hesabu.

Mfano mzuri ni kafeini, iliyomo kwenye chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi. Kwa panya wadogo wa maabara, ilipotolewa kabla ya funzo la kukwepa shoti ilidhoofisha kumbukumbu. Ilipotolewa baada ya funzo iliiboresha. Dawa ileile, mnyama yuleyule.

Dawa nyingine hazipimwi kwa panya mzima wa afya kabisa. Hudungwa kwanza skopolamini, inayovuruga kujifunza, kisha donepezili, dawa ya wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kusahau), hutolewa kuona kama itarekebisha. Kurekebisha kilichovurugwa si kuongeza kwa asiye na tatizo, na matangazo hupenda kuruka hapo. Dozi nayo ina kilele: ndogo haifanyi kitu, ya kati husaidia, ikizidi huharibu. Utafiti wa dozi moja tu usiuamini sana.

Makosa mengi ni ya mikono. Katika jaribio la kutambua vitu, vitu visipofutwa kwa spiriti kila baada ya panya mmoja, anayefuata atanusa harufu ya mwenzake badala ya kukumbuka. Katika jaribio la bwawa, panya huogelea akitafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji, nayo maji huwekwa karibu nyuzi 25. Maji ya bomba ya Juni Nyanda za Juu Kusini ni baridi mno kwa kazi hiyo yasipopashwa moto: panya mdogo hupoteza joto upesi, huogelea polepole, na sekunde zake za kutafuta jukwaa huongezeka kana kwamba amesahau. Ndiyo maana kasi ya kuogelea hupimwa pia, na anayehesabu hatakiwi kujua nani kadungwa dawa na nani maji ya chumvi yasiyo na dawa.

Halafu kuna hesabu ya dozi. Miligramu 10 kwa kilo kwa panya mkubwa wa maabara (rat) si miligramu 620 kwa mtu wa kilo 62. Kwa kanuni ya eneo la ngozi ya mwili, badala ya uzito peke yake, hugawanywa kwa 6.2, ikabaki takribani 100, na hiyo ni makadirio ya kuanzia utafiti, si dozi ya kujinunulia dukani.