Matroni, presha yako ni ngapi?

Maswali haya juu ya afya yao wenyewe nayasikia kwa matroni, waganga wafawidhi na wasimamizi wa zahanati wa hapa Mwanza. Wengi huulizia mlangoni, funguo za ofisi mkononi.

Uchovu wa kazi ni ugonjwa?
Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu, si ugonjwa. Nguvu zinaisha, kazi inakuchukiza, unaona hufanyi lolote la maana. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi ni jambo jingine: hiyo yaweza kuwa sonona, na ina matibabu.

Mimi mwenyewe ni mtaalamu. Kwa nini nisijitibu?
Usijitibu. Ninachokiona kila mara ni hiki: kichwa kinauma, diklofenaki inatoka kwenye droo. Usingizi hauji, diazepamu. Asubuhi kahawa nyeusi, kisha ripoti. Diklofenaki hupandisha presha na kuumiza figo. Diazepamu ukiizoea haikuachii kirahisi. Mgonjwa akifanya hivyo unamgombeza mbele ya foleni nzima.

Nitakuja kupimwa ukaguzi ukipita.
Hapana. Ukaguzi ukipita kuna kampeni ya chanjo, kisha taarifa ya robo mwaka, kisha bajeti. Usisubiri. Na wewe unayewahimiza wanawake wa miaka 30 hadi 50 wachunguzwe mlango wa kizazi, wako umechunguzwa lini? (Hapo wengi hutazama simu.)

Nikianza kujihurumia, si nitakuwa mzembe?
Hofu hii ndiyo inayowachelewesha. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Marekani, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2003, analigawa katika mambo matatu: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kuwa binadamu wote hukosea, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyaficha. Muuguzi mgeni akikosea dozi, unamkalisha, mnaandika taarifa, mnarekebisha, anarudi zamu. Ukikosea wewe, unajitukana hadi alfajiri. Huo si uwajibikaji, dada yangu. Andika taarifa, rekebisha, ulale.

Niko Ukerewe. Kuvuka kuja mjini ni siku nzima.
Kupima presha hakuhitaji kivuko. Mashine iko mezani kwako. Mwenzako akupime, aandike, na ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda hospitali ya Nansio, huko huko Ukerewe, ukaonwe na daktari kama mgonjwa, si kama mgeni wa kikazi.

Ni lini nisingoje hata kesho?
Presha ikifika 180/120 pamoja na kifua kubana, kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kulegea. Au mawazo ya kujiua yakija, hata mara moja. Kabidhi zamu. Anayeipokea yupo, ulimfundisha wewe. Usiende peke yako, na usipitie ofisini kwanza kumalizia ripoti.