Kuweka umeme kwenye reli: maana yake, na nini cha kuangalia ukifuatilia mradi

Jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Tanzania, SGR, liliwekwa Pugu mwezi Aprili 2017. Abiria walianza kupanda treni ya Dar es Salaam kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Katikati hapo tulisomewa asilimia nyingi sana: tisini na ngapi, tisini na nane, karibu na kukamilika. Na kila mara swali la mtaani lilikuwa lile lile: reli si imeshatandikwa, treni iko wapi? Ni swali la haki, na sehemu ya jibu lake iko juu ya reli, si chini. Reli ya umeme haikamiliki kwa kutandika vyuma. Ndiyo maana nataka tuelewane kwanza nini hasa maana ya kuweka umeme kwenye reli, ili siku nyingine ukisoma taarifa ya maendeleo ujue kinachosemwa na kinachoachwa.

Kuweka umeme kwenye reli ni kujenga mfumo wa kuipa treni nguvu kutoka nje ikiwa inatembea, badala ya treni kujibebea mafuta yake. Wengi hudhani kichwa cha dizeli kinasukuma magurudumu moja kwa moja kama lori. Vingi havifanyi hivyo. Hata vile vinavyovuta treni ya Mombasa na Nairobi, injini yake ya dizeli huzungusha jenereta, jenereta inalisha mota za umeme, na mota ndizo zinazozungusha magurudumu. Kwa hiyo treni ya dizeli na treni ya umeme zote zinatembea kwa mota. Kinachotofautiana ni umeme unapozalishwa: moja imebeba mtambo wake mgongoni, nyingine imeuacha mbali na inavuta kwa waya. Ukiondoa uzito wa injini na tangi la mafuta, kichwa kinapata nafasi ya kuwa na nguvu zaidi, kinashika kasi upesi zaidi, na kikipanda mlima hakihemi.

Zipo reli, hasa za chini ya ardhi mijini, zinazopitisha umeme kwenye reli ya tatu iliyo pembeni chini. Kwa safari ndefu hilo halifai. Njia iliyozoeleka duniani sasa ni waya wa juu wenye volti 25,000, na ndiyo iliyotumika Tanzania, kama ilivyotumika kwenye reli ya Addis Ababa na Djibouti. Wasomaji wa Lubumbashi na Likasi wala hawatashangaa: reli ya Katanga, huko Kongo, ilianza kuwekewa umeme miaka ya 1950, kwa sababu shaba ilikuwa nyingi ya kusafirishwa na mabwawa ya umeme yalikuwa jirani.

Kwa nini volti nyingi hivyo? Piga hesabu ndogo. Tuseme treni inahitaji megawati 5 kupanda mlima. Kwa volti 25,000, waya unapitisha ampia 200 tu. Ungetumia volti 240 za nyumbani kwako, zingehitajika ampia zaidi ya 20,000, na waya wa kuzibeba ungekuwa mnene kiasi kwamba hakuna nguzo ingeweza kuushika. Tena umeme unaopotea njiani kwa kugeuka joto hukua kwa mraba wa ampia: ampia zikiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Basi volti hupandishwa ili ampia zishuke, halafu transfoma iliyo ndani ya treni yenyewe inazipoza tena kabla ya kufika kwenye mota.

Sasa tazama safari nzima ya huo umeme, maana hapa ndipo ufuatiliaji wa mradi unapoanzia. Umeme unazalishwa, tuseme kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, au kwenye mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Unaingia gridi ya Taifa. Kwa kipande cha Dar es Salaam na Morogoro, TANESCO, shirika la umeme, walijenga njia maalumu ya kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, kilomita 159, kwa ajili ya reli. Hii ndiyo sababu transfoma ya mtaani kwenu ikiungua, treni haina habari nayo. Kutoka kwenye njia hiyo umeme unashushwa kwenye vituo vya kupoza umeme vilivyojengwa kandokando ya reli. Vituo hivyo ndivyo vinavyolisha waya wa juu, na pantografu, ule mkono uliokunjika kama kiwiko juu ya paa la treni, unauchukua.

Lakini umeme lazima urudi. Mzunguko usiofungwa haufanyi kazi. Baada ya kupita kwenye mota, umeme unashuka kwenye magurudumu, unaingia kwenye reli na kurudi kituoni. Kwa hiyo zile reli mbili ni barabara ya treni na papo hapo ni waya wa kurudishia umeme. Fundi wa ishara naye lazima azingatie hilo, la sivyo umeme unaorudi utachanganya vifaa vyake vya kujua treni iko wapi.

Nataka tukae kidogo kwenye waya wenyewe, kwa sababu ukiusogelea kwa macho ndipo utakapoelewa kwa nini kazi hii haina haraka. Ukitazama kutoka kwenye daraja la waenda kwa miguu unaona kama waya mmoja. Si mmoja. Juu kuna waya wa kubeba, unaolegea kidogo kutoka nguzo hadi nguzo. Kutoka huo zinaning'inia nyaya fupi nyembamba, kila moja imekatwa kwa urefu wake, na chini yake ndipo ulipo waya wa mguso. Kazi ya zile nyaya fupi ni kuufanya waya wa mguso uwe sambamba na reli, usibonyee katikati. Treni ikikimbia kilomita 160 kwa saa, kibonyeo kidogo tu kinafanya pantografu iruke. Ikiruka, umeme unachomoza cheche angani, na kila cheche inakula shaba ya waya na kaboni ya pantografu.

Simama tena katikati ya reli, kwa mawazo tu, utazame juu: waya haukunyooka juu ya katikati ya njia. Nguzo hii umevutwa kushoto sentimita kama ishirini, nguzo ijayo kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hilo si kosa la mafundi. Waya ungenyooka, ungesugua sehemu moja tu ya kaboni na kuikata kama msumeno. Kwa kwenda upande huu na huu, kaboni inalika sawasawa.

Halafu kuna jua. Waya haufungwi moja kwa moja kutoka mji hadi mji. Unakatwa vipande vya zaidi kidogo ya kilomita moja, na kila kipande kinavutwa kwenye ncha zake. Waya wa shaba wa mita 700 ukipata joto la nyuzi 20 zaidi kati ya alfajiri na saa nane mchana, unarefuka karibu robo mita. Kwenye mifumo mingi, mwisho wa kila kipande utaona rundo la vyuma vizito limening'inizwa kwenye nguzo kwa kapi. Mchana linashuka, usiku linapanda, na waya unabaki umekaza kiasi kile kile. Mimi huona huu ndio ufundi mzuri kuliko wote kwenye reli ya umeme: hauna kompyuta wala mota, ni uzito tu na kamba.

Kuna jambo jingine ambalo abiria anaweza kulihisi bila kuliona. Gridi ina fezi tatu, yaani nyaya tatu ambazo umeme wake hupanda na kushuka kwa nyakati tofauti, na reli inatumia moja tu kwa wakati. Kituo kimoja cha kupoza umeme kikichukua fezi hii, kinachofuata huchukua nyingine, ili gridi isielemewe upande mmoja. Fezi mbili hazitakiwi kukutana kwenye waya, kwa hiyo kati ya kituo na kituo huwekwa kipande kifupi kisicho na umeme kabisa. Treni inakipita kwa kasi iliyonayo, mota zimezimwa. Kwenye treni nyingi utasikia kiyoyozi kikinyamaza kwa sekunde chache kisha kikirudi. Hakuna kilichoharibika.

Vinavyoharibika ni vingine. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilikwama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likaeleza kuwa waliosababisha ni ngedere na bundi. Watu walicheka sana mitandaoni. Lakini maelezo hayo yana maana kamili ukiujua mfumo. Waya wenye volti 25,000 unatengwa na nguzo kwa vikombe visivyopitisha umeme. Nguzo imeunganishwa na ardhi. Mnyama akishika nguzo kwa mkono mmoja na mkono mwingine ukafikia upande wenye umeme, yeye ndiye anageuka waya. Umeme unapita kwake kwenda ardhini, swichi za kinga kituoni zinaona hitilafu na kukata, na treni zote za eneo hilo zinasimama. Nchi nyingine zenye reli za umeme zinahangaika na ndege, nyoka na matawi ya miti vilevile. Kinga zake zinajulikana: kufunika sehemu za karibu na vikombe, kufyeka miti, kuweka vizuizi kwenye nguzo. Na hizo nazo ni sehemu ya mradi, ingawa hazimo kwenye picha za uzinduzi.

Turudi kwenye asilimia. Taarifa ikisema mradi umefika asilimia 95, uliza: ya nini? Mara nyingi hesabu hiyo inachanganya tuta, madaraja, reli, stesheni, ishara na umeme, kila kimoja kwa uzito wa fedha zake. Tuta na madaraja ni fedha nyingi, kwa hiyo asilimia hupanda upesi mwanzoni. Umeme huja mwishoni, na ndani yake kila hatua inasubiri mwenzake: msingi wa nguzo, nguzo, mikono ya kushikia waya, waya wa kubeba, waya wa mguso, marekebisho ya urefu na mkazo, kituo cha kupoza, kuunganishwa na gridi. Kilomita 199 kati ya 200 zikiwa tayari, treni bado haiendi. Mnyororo hauna nusu.

Uliza pia ni kilomita zipi. Kipande cha Dar es Salaam na Morogoro hutajwa kuwa kilomita 300, lakini njia kuu ni 205. Zilizobaki ni njia za kupishania na za stesheni. Morogoro hadi Makutupora ni kilomita 422, na njia kuu ni 336. Hakuna anayedanganya hapo. Njia ya kupishania nayo lazima iwe na waya, maana treni ya umeme ikiingia njia isiyo na waya itakaa hapo mpaka ivutwe.

Halafu tenganisha maneno matatu ambayo hupenda kuandikwa kama ni kitu kimoja. Kufungwa waya ni kazi ya mikono kumalizika. Kuwashwa ni umeme kuingia kwenye waya kwa mara ya kwanza. Majaribio ni treni kutembea bila abiria, polepole kwanza, kisha kwa kasi kamili. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro majaribio ya kichwa cha umeme yalionekana Februari 2024, abiria wakaja Juni. Miezi hiyo si ya kupoteza. Ndiyo inayopima kama pantografu inabaki kwenye waya na kama swichi zinakata zinapotakiwa kukata.

Kuwashwa ndiko kunakowahusu wanaoishi jirani na reli, kuliko uzinduzi wowote. Kabla ya siku hiyo waya ni shaba tu. Baada yake, unaua hata bila kuguswa, maana volti 25,000 zinaweza kuruka hewani kumfikia mtu aliyesogea mno, au kupita kwenye mti mbichi na fito ya chuma. Anayesubiri kuona treni ndipo aogope atakuwa amechelewa. Waya unaweza kuwa na umeme miezi kabla ya abiria wa kwanza. Fundi wa bati anayebeba mabati marefu chini ya waya na kijana anayetaka kupanda juu ya behewa wanahitaji tarehe hiyo kuliko waandishi wa habari. Naamini ingestahili kutangazwa misikitini, makanisani na mashuleni kabla ya kuwekwa kwenye mitandao.

Kazi bado ipo mbele: Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza, Tabora hadi Kigoma, na kile cha Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi. Ukipita kwa basi kandokando ya mojawapo, tazama. Ukiona misingi imechomoza bolti bila nguzo, umeme uko mbali. Nguzo zikiwa na mikono lakini hazina waya, bado. Waya ukiwepo, subiri kupata mahali pa kusimama salama, mbali na njia, uangalie rangi yake. Shaba iliyofungwa na kuachwa hubadilika kuwa kahawia kwa mvua na hewa. Ikiwa upande wa chini kuna mstari mwembamba unaong'aa kama sarafu mpya, pantografu zimeshaanza kupita hapo.