Tajnisi: uraia unaoombwa

Tajnisi ni njia ya kisheria inayomwezesha mgeni aishiye katika nchi fulani kuomba awe raia wake. Sheria ya Uraia wa Tanzania ya 1995 inatambua njia tatu za kuwa Mtanzania: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Mbili za kwanza mtu anazikuta. Wazazi na mahali alipozaliwa vimekwisha kuamua. Ya tatu anaiendea mwenyewe, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, na mwisho wa safari hiyo yupo mwenye kauli ya ndiyo au hapana. Kwa Tanzania huyo ni Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi.

Wengi wanalichukulia jambo hili kama hesabu ya miaka: nimekaa vya kutosha, basi ninastahili. Miaka inakupa sifa ya kuomba, haikupi uraia. Mtu aliyetimiza kila sharti anaweza kukataliwa, na sheria haimlazimu Waziri kueleza kwa nini. Hakuna rufaa pia. Ukikielewa kifungu hicho umeielewa tajnisi yenyewe, maana ndicho kinachoitenganisha na haki ya kuzaliwa.

Miaka yenyewe inahesabiwa hivi. Miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba uwe umeishi nchini mfululizo. Kisha wanarudi nyuma miaka 10 kabla ya miezi hiyo, na ndani yake uwe umeishi nchini jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa mwalimu aliyeajiriwa Arusha hesabu hiyo ni nyepesi. Kwa mfanyabiashara wa Kikongo mwenye duka Kigoma mjini, anayevuka ziwa kwenda Uvira au Kalemie kufuata mzigo na kuona ndugu, ni kazi nyingine kabisa. Kila muhuri wa kutoka na kuingia kwenye pasipoti yake unahesabiwa, na mwaka mmoja ambao kibali cha ukaazi kilikwisha muda bila kuhuishwa unaweza kumletea maswali mengi kuliko hiyo mingine yote. Ndiyo maana wazoefu wa mambo haya humshauri mgeni asitupe karatasi yoyote: vibali vya zamani, risiti za malipo, pasipoti iliyojaa, mkataba wa nyumba.

Masharti mengine ni tabia njema, kujua Kiswahili au Kiingereza, kuwa mtu wa manufaa kwa taifa, na nia ya kuendelea kuishi nchini. Lugha haimsumbui mtu wa Bukavu au Bujumbura. Tabia njema ni jambo pana zaidi, kwani halipimwi kwa karatasi ya polisi peke yake. Ombi linaanzia ofisi ya uhamiaji ya mahali unapoishi, na huko chini ndiko unakojulikana: nani jirani yako, unafanya kazi gani, ulishawahi kugombana na nani. Kamati za ulinzi na usalama zinakujadili ngazi kwa ngazi kabla faili halijafika makao makuu ya Uhamiaji na hatimaye mezani kwa Waziri.

Katikati ya hatua hizo kuna tangazo la gazetini. Huenda umewahi kuliona bila kulisoma, maana hukaa kwenye kurasa za matangazo madogo: jina la mtu, anwani yake, kwamba ameomba uraia, na kwamba yeyote ajuaye sababu ya kutompa aiandike, atie saini na kuipeleka kwa mamlaka. Nadhani ni sehemu ya haki katika mchakato huu, kwa kuwa anayetaka kupinga analazimika kujitokeza kwa jina. Ila kwa mwombaji ni kipindi kigumu, hasa akiwa na mshindani wa biashara au mgogoro wa kiwanja.

Akikubaliwa, zinabaki hatua mbili. Ya kwanza ni kuukana uraia wa zamani, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ya pili ni kiapo cha utii. Kisha anapewa cheti cha tajnisi. Kwa Mburundi au Mkenya, ambao nchi zao hazikatazi uraia pacha, kuukana ni uamuzi mzito: anaacha kitu ambacho nchi yake ya kwanza isingemnyang'anya. Mtanzania aliyeko Marekani anakutana na jambo hilohilo kwa upande wa pili, kwani siku anapoapa huko kwa hiari yake, sheria ya nyumbani inamhesabu si raia tena.

Hatari iliyopo kati ya kuukana uraia wa kwanza na kuupokea wa pili inaonekana vizuri katika habari ya Warundi wa 1972. Mauaji ya mwaka huo nchini Burundi yaliwafukuza maelfu kwa maelfu kuingia Tanzania, na serikali ikawapa ardhi ya kulima katika makazi matatu: Ulyankulu upande wa Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, ambako sasa ni Mkoa wa Katavi. Walifyeka pori, wakalima mahindi, muhogo na tumbaku, wakajenga shule na makanisa. Hata hivyo hadhi yao ilibaki ya mkimbizi, na mkimbizi akitaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali, hata kwa safari ya kumuuguza mzazi.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walikubaliana kulimaliza suala hilo. Kila mtu aliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia hapa? Kiasi cha mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki waliomba tajnisi, na wengi wao walikuwa wamezaliwa Tanzania. Burundi waliijua kwa simulizi za wazee. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Nchi chache sana duniani zimewahi kuwapa uraia wakimbizi wengi hivyo kwa mara moja, na Tanzania inastahili sifa kamili kwa hilo. Tena haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1980, chini ya Mwalimu Nyerere, wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 walipewa uraia.

Lakini vyeti havikutoka. Mpango ulikuwa kwamba Watanzania hao wapya wahame makazi ya zamani na kutawanywa katika mikoa mingine, wachanganyike na wenzao, na cheti apewe mtu akishahama. Uhamisho ulikwama. Watu wakakaa miaka minne wakiwa wameukana uraia wa Burundi, wametajwa kuwa raia wa Tanzania, na mkononi hawana kitu. Jaribu kuwaza maana yake kwa kijana wa Katumba aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2011. Fomu ya chuo ina sehemu ya uraia. Mikopo ya elimu ya juu ni ya Watanzania. Ajira serikalini inataka uthibitisho. Baba yake anajiuliza kama ajenge nyumba ya tofali za kuchoma au asubiri kuhamishwa. Oktoba 2014 ndipo serikali ilipoanza kugawa vyeti, na sharti la kuhama likaachwa.

Mimi sioni sababu ya kutosha iliyohalalisha miaka minne ile. Kuwachanganya watu na wenzao ni lengo jema, lakini uraia ukishatolewa si wa kufungwa kabatini kama dhamana ya mtu kutimiza jambo lingine.

Kuna ombi jingine la tajnisi lisilojulikana sana, nalo linanigusa mno. Ni la Wazigua wa Somalia. Mababu zao walichukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka pande za Tanga na kupelekwa bonde la Mto Juba. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, na wenyeji wa Handeni, mkoani Tanga, wakawasikia wakizungumza Kizigua, lugha ya hapo. Serikali iliwapa ardhi Chogo, humohumo Handeni, na ikawafungulia njia ya kuomba uraia. Kisheria walikuwa wageni kama wageni wengine, wakajaza fomu zilezile.

Sehemu moja ya sheria hii, kwa maoni yangu, imepitwa na wakati: ndoa. Mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania ana njia yake maalum ya kuomba uraia kupitia ndoa hiyo. Mwanamume wa nje aliyemwoa Mtanzania hana. Yeye arudi kwenye hesabu ya miaka kama mgeni mwingine yeyote, hata kama watoto wake wote ni Watanzania na nyumba ni ya mkewe. Katiba ya Kenya ya 2010 haibagui: mume au mke wa Mkenya, ndoa ikifikisha miaka 7, ana haki ya kuomba kusajiliwa. Sijasikia madhara makubwa huko ambayo yangetuzuia kufanya hivyo.

Mtoto mdogo haombi mwenyewe; mzazi au mlezi aliye raia ndiye anayemwombea. Wazazi wengi husahau hili katika furaha ya kupata cheti chao, wakaja kukumbuka mtoto anapotaka kitambulisho akiwa na miaka 18, wakati ambapo analazimika kuanza ombi lake mwenyewe kutoka mwanzo.

Na baada ya cheti? Raia wa tajnisi anapiga kura, anapata pasipoti na kitambulisho cha taifa, anamiliki ardhi kama raia, jambo ambalo mgeni haruhusiwi isipokuwa kwa uwekezaji. Mambo mawili yanambakiza nyuma ya mwenzake. Hawezi kugombea urais, kwa kuwa Katiba inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Na uraia wake unaweza kufutwa, kwa mfano ikithibitika aliupata kwa udanganyifu au kwamba si mwaminifu kwa Jamhuri, ilhali wa kuzaliwa hafutiwi hivyo. Kwa hiyo kila alichoandika kwenye fomu kinaendelea kuwa na uzito miaka mingi baada ya kiapo: tarehe ya kuingia nchini, ndoa ya kwanza, jina la baba. Mtoto atakayemzaa Tanzania akiwa na cheti mkononi ni raia wa kuzaliwa, na vikwazo hivyo viwili havimhusu.